Mama Fuko anatunza wanyama wasiozeeka, akirudi nyumbani anamkuta dada yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hajagusa kitasa cha mlango, ananusa viganja vyake.

Ananusa cha kulia, ananusa cha kushoto, kisha anarudi kwenye sinki la korido kuvisugua tena kwa maji matupu. Sinki hili halina sabuni. Aliiondoa mwenyewe zamani, na kila msafishaji mgeni akiiweka, yeye huiondoa tena bila kugombana na mtu.

"Jana nilimenya kitunguu," anasema. "Wewe hapo husikii kitu. Wao watasikia."

"Wao" ni fuko wasio na manyoya, wanaoishi nyuma ya mlango huu katika chumba chenye joto na unyevu kama jikoni wakati sufuria inatokota. Ngozi zao ni za waridi na zimekunjamana kama soksi iliyoteremka. Meno yao yamechomoza nje ya midomo, mawili juu na mawili chini. Vijicho vyao ni kama punje za ufuta na karibu havioni kitu. Nyumba yao ni masanduku ya plastiki yaliyounganishwa kwa mabomba yanayopitisha mwanga: sanduku la kulala, la chakula, na pembeni kabisa, la choo.

Anaanzia hapo chooni. Anachota maranda yaliyolowa na kujisugua nayo vidole, viganja na vifundo vya mikono, taratibu, kama bibi harusi anayejipaka mafuta.

"Haya ndiyo marashi yangu," anasema na kucheka kidogo. "Ukiwaingilia bila harufu ya kwao, wewe ni adui. Hata ndugu yao wa damu ukimtoa kwa siku chache ukamrudisha bila kumgaragaza humu, wanamuua."

Anaingiza mkono. Pua zinakuja, nyingi, zinagusa vidole kimoja kimoja. Inasikika milio laini, kama bawaba za mlango mdogo. Kisha kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake, na mama huyu anaachia pumzi aliyokuwa ameishikilia.

Ana miaka hamsini na minane. Ni mhudumu wa wanyama katika taasisi ya utafiti wa uzee, na amekaa chumba hiki tangu mwanawe wa mwisho akiwa ananyonya. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, wote humwita Mama Fuko.

Mkubwa wa kundi ni malkia, jike pekee linalozaa. Mama Fuko amempa jina la Bi Mkubwa. Ana zaidi ya miaka thelathini, mwili mrefu kuliko wenzake wote, na akikuta mfanyakazi amesinzia njiani humsukuma kwa pua mpaka aamke.

"Anawazidi umri wanangu wote," anasema Mama Fuko. "Amezaa hata hesabu imenipotea. Na mtazame! Mgongo hauumi, magoti hayalii, mvi hana."

Anapoambiwa kwamba mnyama asiye na nywele hawezi kuwa na mvi, anakunja midomo.

"Ndiyo hivyo. Kila mtu ana kisingizio chake cha kutozeeka."

Mtafiti mkuu wa chumba hiki ni mama mwenye sauti ya upole ambaye hapa huitwa Daktari tu. Anaeleza kwamba kwa wanyama karibu wote, umri ukisogea, kifo nacho kinasogea. Kwa binadamu mzima, uwezekano wa kufa huongezeka maradufu kila baada ya miaka minane hivi. Kwa fuko hawa, watafiti wamesubiri uongezeke na hawajauona ukiongezeka. Nao hufa, anasema, ila hawafi kwa kunyauka kama sisi.

"Chumba cha pili tuna panya," anasema Daktari. "Panya akifika miaka mitatu ni mkongwe. Kwa nini? Porini, panya huliwa na paka au bundi mapema sana. Vinasaba vinavyomsaidia azae haraka ndivyo vinavyorithiwa, hata kama vitakuja kumwangusha uzeeni, kwa sababu uzeeni kwenyewe wengi hawafiki. Fuko yuko chini ya ardhi, milango imezibwa, ndugu zake wanamlinda. Kwake yeye, mwili unaojikarabati una faida. Vizazi kwa vizazi, miili ya namna hiyo ndiyo iliyobaki."

Mama Fuko, aliyekuwa akikata viazi vitamu, anadakia bila kugeuka.

"Panya ni banda la sherehe. Kesho linabomolewa, nani atalipiga plasta? Fuko ni nyumba ya urithi."

"Hapo umenisaidia, mama," Daktari anacheka.

"Na binadamu je?" anauliza Mama Fuko.

"Binadamu yuko upande wa nyumba. Tunaishi muda mrefu kwa wanyama wa ukubwa wetu."

"Basi kwetu hiyo nyumba ya urithi amekabidhiwa dada," anasema Mama Fuko, na kisu kinashuka kwenye kiazi kwa nguvu kidogo.

Ndipo inapokuja habari ambayo kwa miaka yote hiyo hakuwa amemwambia mtu yeyote kazini. Mama Fuko ana pacha. Walitoka tumbo moja, siku moja, sura moja, hata mwalimu wao wa darasa la kwanza aliwatofautisha kwa rangi ya vifungo. Dada alitangulia kuzaliwa. Kwa hiyo, tangu wana meno ya utoto, huyu wa pili humwita dada, na yule humwita "mdogo wangu."

"Sasa njoo ututazame leo," anasema. "Mimi ndiye mdogo. Tukisimama pamoja, watu wananiamkia mimi, yeye wanamuuliza anasoma wapi."

Dada huyo aliuza vipodozi maisha yake yote, katika duka lenye taa nyeupe na vioo kila upande. Miezi mitano iliyopita, baada ya kufiwa na mume na duka kufungwa, alikuja kuishi kwa mdogo wake na sanduku moja la nguo na mawili ya makopo. Sasa makopo hayo yamejipanga kwenye rafu ya bafuni: ya asubuhi, ya usiku, ya shingo, ya visigino.

"Kuna ya viwiko," anasema Mama Fuko kwa sauti ya chini, kana kwamba anatoa ushahidi. "Kiwiko kina kopo lake!"

Yeye mwenyewe hajapaka mafuta tangu aanze kazi hii. Sabuni yenye manukato hagusi. Mikono yake imepasuka kwenye vifundo, na uso wake umekauka kama chungu kilichosahaulika juani. Harusini wenzake wananukia, yeye anaketi karibu na dirisha akiogopa kukumbatiwa, maana manukato ya mwenzako nayo yanahama.

"Nimeuacha uso wangu humu," anasema, akionyesha masanduku kwa kidevu. "Wao hawazeeki, nazeeka mimi kwa niaba yao."

Wiki ya kwanza ya kuishi pamoja, ndugu hao walikwenda gengeni. Muuza mboga akafunga nyanya za Mama Fuko, kisha akauliza kwa uchangamfu: "Na binti yako nimfungie nini, mama?"

"Nilizirudisha nyanya zote," anakumbuka. "Moja moja. Nikahamia genge la mbali. Nalo halikumaliza wiki, yule wa mbali ananiambia, mama, una mtoto mzuri."

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mumewe, dereva mstaafu asiye na neno baya kwa mtu, alitazama meza ya chai jioni moja akasema: "Shemeji, wewe hata hubadiliki. Uko vilevile kama siku ya posa."

"Ya posa yangu!" anasema Mama Fuko. "Nikamnywesha chai ya vuguvugu wiki nzima. Mpaka leo anadhani jiko ni bovu."

Lakini kuna jambo lililomkalia shingoni kuliko hayo. Jicho lake la kulia limeingia mtoto wa jicho, na la kushoto linafuata. Dunia anaiona kama mtu anayechungulia kwenye dirisha lenye mvuke. Kule sandukuni hawaoni tena watoto wa Bi Mkubwa, vijitu vidogo kama maharage mekundu. Anawatambua kwa ncha za vidole.

Daktari wa macho amemwambia wazi kwamba jicho likiachwa mpaka liive kupita kiasi, upasuaji nao unakuwa mgumu. Na baada ya upasuaji atatakiwa kukaa wiki kadhaa bila vumbi, bila kuinama, bila kubeba vitu vizito. Yaani bila chumba hiki.

Ameshaahirisha mara mbili. Mhudumu wa panya alijaribiwa katika nafasi yake. Fuko wakaziba bomba kwa maranda mbele ya mkono wake. Bi Mkubwa akashikwa na wasiwasi, akawabeba watoto wake mdomoni akizunguka nao kutwa nzima, na asubuhi yake wengine walikutwa wamekufa. Mwingine akajaribiwa, mambo yakawa yaleyale.

"Wakanirudia mimi," anasema. Anajaribu kulisema jambo hilo kwa masikitiko, lakini kidevu chake kinapanda.

Hapo ndipo mwandishi wa makala hii alipomwacha siku ya kwanza: mwanamke anayehofia jicho lake na bado anaona fahari kwamba hakuna wa kumrithi.

Wiki iliyofuata, mambo yaligeuka.

Asubuhi hiyo Mama Fuko ananawa kama kawaida, ananusa viganja, anaridhika. Anajisugua maranda. Anaingiza mkono wenye kipande cha kiazi.

Pua zinakuja, zinasimama, hazigusi.

Mlio mmoja mkali unatoka, kisha mwingine. Fuko wanarudi nyuma wote kwa pamoja, maana hao hukimbia kinyumenyume kama wanavyokimbia mbele, na ghafla miguu ya nyuma inaanza kupiga maranda. Bomba linazibwa mbele ya vidole vyake.

Anautoa mkono. Anautazama. Anajisugua tena, anaingiza tena. Milio inazidi. Kwenye sanduku la kulala, Bi Mkubwa ameinuka, na mdomoni ananing'iniza mtoto wa siku chache. Anakwenda naye hadi mwisho wa bomba, anarudi naye, anamtupa, anamchukua mwingine.

"Hawajawahi," anasema Mama Fuko. Anarudia neno hilo mara kadhaa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Daktari anakuja mbio. Kiazi na maranda yaliyoguswa, anasema, vitolewe haraka, maana vimebeba harufu fulani na kadiri vinavyokaa humo Bi Mkubwa hatatulia. Lakini vitolewe na nani? Mkono pekee unaokubalika ndio uliokataliwa.

Wakati huohuo unasikika mlango wa korido na kicheko cha mlinzi wa getini.

"Mama Fuko! Nimekuona ukiingia asubuhi, sasa nakuona tena unaingia, na safari hii umerudi kijana! Huko ndani mnagawa dawa gani, mtugawie na sisi?"

Nyuma yake yuko dada. Ameshika kichupa cha dawa ya macho ambacho mdogo wake amekisahau mezani. Amevaa sweta la zamani la Mama Fuko, lile ambalo kila siku huja nalo kazini na kulitundika ndani ya chumba hiki. Jana alilisahau nyumbani nyuma ya mlango, na leo dada amelichukua kwa sababu ya baridi.

Daktari anamtazama mmoja, anamtazama wa pili.

"Pacha? Wa kufanana?" anauliza. "Mama, tunatafiti uzee hapa miaka yote, na wewe una pacha?"

"Ndiyo maana sikusema," anajibu Mama Fuko.

Bi Mkubwa anapita tena bombani na mtoto mdomoni. Daktari anavuta pumzi. Anamgeukia dada na kumwomba kwa heshima aje ajaribu yeye.

"Asiguse!" Mama Fuko anasema kwa nguvu iliyomshangaza hata yeye. Halafu anajieleza haraka haraka, kama mtoto: "Huyu anajipaka vitu. Kutwa. Atawaua."

"Leo sijapaka hata tone," anasema dada. "Wala jana. Kopo langu la mikono na uso silioni tangu juzi, nimelitafuta mpaka chini ya kitanda. Tangu alfajiri nilikuwa nafua nguo zako kwa maji matupu kama ulivyoniagiza. Nitazame, nimepauka kama wewe."

Mama Fuko anasogea kwenye sanduku la kulala, anainamisha uso mpaka pua inagusa plastiki, kwa sababu ni hapo tu ndipo jicho lake linapoona. Anamtazama Bi Mkubwa akipita na kurudi. Mlinzi ameacha kucheka.

"Chota yale maranda," anasema hatimaye, bila kumtazama dada yake. "Jisugue mpaka hapa kwenye vifundo."

"Haya yaliyolowa?"

"Hayohayo."

"Si ya choo haya?"

"Ya choo, dada. Jisugue."

Na mwanamke aliyewauzia wanawake wenzake manukato maisha yake yote anachota maranda ya choo cha fuko, anafumba macho, anajisugua. Anaingiza mkono.

Pua moja inajitokeza kwenye kizibo cha maranda. Inagusa kidole. Inakuja ya pili, ya tatu. Milio inashuka, inakuwa ile ya bawaba. Kwa maelekezo ya Mama Fuko, yanayotolewa kwa sauti kavu kutoka ukutani, dada anatoa kiazi, anatoa maranda yaliyoguswa, anaweka mapya. Muda si mrefu Bi Mkubwa anamshusha mtoto aliyembeba, anajilaza, na wale maharage wekundu wanatafuta maziwa. Wote wazima.

Dada anageuka, macho yamejaa machozi.

"Wananinusa! Mdogo wangu, mbona hukuniambia kwamba wako hivi?"

"Ungekuja ukawachukua."

Mama Fuko ameegemea ukuta na mikono nyuma, akimtazama dada yake kama mtu aliyekuta mgeni amekalia kiti chake. Hapo ndipo dada anaposogea karibu, na pua yake, pua ya muuza vipodozi, inacheza mara mbili.

"Hebu. Hiyo si krimu yangu?"

Mama Fuko anazidi kuificha mikono nyuma.

"Ile niliyokwambia haina harufu?"

"Wewe ndiye uliyesema haina harufu," anajibu Mama Fuko. "Nimepaka kidogo. Usiku. Usoni tu."

"Kwani ulipaka kwa mguu? Si mikono ndiyo iliyopaka? Na kidogo gani, mwenzangu, unameremeta kama sahani!"

Maji matupu hayatoi mafuta. Kwa mwanamke aliyeishi miaka yote bila kupaka kitu, halikuwa jambo la kumjia akilini. Siku zote maji yalimtosha. Kopo lenyewe lilikuwa ndani ya mkoba wake, limefungwa kwenye kitambaa, chini ya miwani.

Mlinzi aliangua kicheko mpaka akashika mlango. Mama Fuko hakucheka. Alitoka nje akaketi kwenye benchi la korido, na dada yake akamfuata akaketi pia, mbali kidogo.

"Uso umechukua, sawa," alisema Mama Fuko. "Mume wangu anakusifu, sawa. Gengeni mimi ni mama yako, sawa. Hawa ungeniachia."

Dada alivuta uzi uliochomoza kwenye sweta.

"Nimejipaka manukato tangu nina miaka ishirini," alisema. "Hakuna hata siku moja mtu aliyeninusa akatulia hivyo. Nikirudi nyumbani nilikuwa naongea na redio. Wewe wakikukosa, wanaziba mlango."

"Usinitafutie huruma."

"Sitafuti. Nakuonea wivu tu. Hujaona kuwa nami najua kuona wivu?"

Mama Fuko aligeuka akamtazama, au akajaribu kumtazama.

"Wewe? Mimi? Wivu wa nini, hizi kucha?"

"Kucha za nini! Wivu wa kusubiriwa."

Baadaye Daktari aliwaeleza kilichotokea. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile, na ukiondoa mafuta na manukato, harufu za miili yao hukaribiana sana. Sweta lilimalizia kazi. Kuhusu umri alisema kwamba urithi ni sehemu tu ya habari. Watu wawili wanaweza kupewa vinasaba sawa, kisha jua, usingizi, moshi wa jikoni, maradhi, majonzi na bahati vikafanya miili yao ifuate njia tofauti.

"Kwa hiyo nimejizeesha mwenyewe," alisema Mama Fuko.

"Sikusema hivyo, mama. Mimi naona ngozi tu. Ngozi si moyo, wala figo, wala mishipa. Kwenye damu kuna alama zinazoweza kukadiria mwili umechakaa kiasi gani, tena ni makadirio tu. Inawezekana kabisa kwa ndani wewe ndiye kijana."

"Rudia hapo mwisho," alisema Mama Fuko. "Sema kwa sauti, asikie."

Daktari aliomba damu ya wote wawili kwa ajili ya utafiti. Dada alikubali palepale na kukunja mkono wa sweta. Mama Fuko alisema atafikiri. Alipoulizwa anaogopa nini, alijibu kwamba sindano haiogopi. "Kioo kinaniambia yeye ni mdogo kwangu. Damu nayo ikisema vilevile, nitakata rufaa wapi?"

Mwandishi alirudi mara ya mwisho wiki hii. Upasuaji wa jicho la kulia ni Jumatatu ijayo, na safari hii haujaahirishwa. Taasisi imekubali dada ashike nafasi kwa muda, kwa malipo. Kwa wiki tatu sasa amekuwa akija kila asubuhi kujifunza: kukata viazi, kupima joto la chumba, kumtambua fuko anayeumwa kwa namna anavyolala.

Sharti alilowekewa na mdogo wake ni moja. Hakuna krimu. Ya mikono, ya uso, ya shingo, ya viwiko, yote yamefungwa sandukuni na ufunguo anao mume wa Mama Fuko, ambaye siku hizi anakunywa chai ya moto.

Je, sharti hilo ni kwa ajili ya fuko peke yao?

Mama Fuko anatazama dari.

"Kwa ajili ya fuko," anasema. "Na apauke kidogo na yeye, atajua tulikopita wenzake."

Viwiko vya dada vimeanza kufanya unga. Kando ya midomo kuna mistari miwili ambayo haikuwepo, au haikuwa ikionekana. Jumamosi walikwenda gengeni pamoja, lile la karibu, na yule muuza mboga wa siku ile akawatazama kwa zamu, akauliza: "Samahani, nyinyi ni ndugu?"

"Ndugu!" anasema Mama Fuko, akipiga kofi pajani. "Nilinunua nyanya, nikanunua karoti, nikanunua na tikiti ambalo hakuna mtu nyumbani analila."

Anapoulizwa anatarajia nini baada ya Jumatatu, hazungumzii kustaafu wala kupumzika. Anataka kumwona Bi Mkubwa na watoto wake kwa macho, awahesabu bila kuwagusa. Lakini kuna jambo moja analotaka litangulie hilo.

"Wakinitoa bandeji, mtu wa kwanza kusimama mbele yangu awe dada. Kwenye mwanga. Nimtazame vizuri. Miezi mitano hii namwona kwa jicho lenye ukungu. Huenda ana makunyanzi siku zote, ni jicho langu tu lililokuwa linamsafisha."

"Na muuza mboga naye ana mtoto wa jicho?" anauliza dada, akifunga vifungo vya koti la kazi.

"Yule anatafuta wateja."

"Na kioo je? Siku hiyo utakiona na chenyewe."

Mama Fuko anapapasa koti hilo na kumrekebishia kifungo kimoja.

"Kioo kitasubiri Jumanne," anasema. "Na damu ya Daktari nitaitoa Jumatano. Nikishajua kwa macho tumesimama wapi, ndipo nitakubali kuambiwa na mashine."

Saa ya kulisha imefika. Dada ananawa kwa maji matupu kwenye sinki lisilo na sabuni, anapangusa, anakuja mlangoni na kunyoosha mikono yake miwili. Mama Fuko anaishika na kuiinua puani.

"Bado kuna duka humu," anasema. "Rudi ukasugue."

Dada anarudi bila kubisha. Maji yanatiririka kwa muda. Mama Fuko anauzuia mlango kwa bega na kusubiri, jicho lake lenye ukungu likiwa limeelekea kule sauti ya maji inakotoka.

Mikono inaletwa tena, imelowa. Ananusa kiganja cha kulia, ananusa cha kushoto. Safari hii anakawia, amefumba macho, muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji.

"Ingia," anasema. "Wanakusubiri."

Halafu, dada akiwa ameshavuka kizingiti: "Wananisubiri mimi, lakini ingia."